Sola inayokunjwa kama mkeka: tununue au tusubiri?



Tulikuwa darasani tunafundisha umeme. Tukaeleza kwamba waya huvikwa plastiki kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kuna sola ya plastiki, inakunjwa kama mkeka?" Wenzake wakacheka, lakini swali linagusa mfuko wa kila familia hapa kambini. Basi tukatafuta jibu.

Kweli, plastiki nyingi hazipitishi umeme. Lakini mwaka 1977 wataalamu watatu, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa, walionyesha kuwa kuna aina ya plastiki ambayo ikitiwa dawa inapitisha. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Kutokana na polima za namna hiyo, wengine wakatengeneza sola. Polima inayeyushwa iwe kama wino, halafu inachapishwa juu ya plastiki nyepesi, kama gazeti linavyochapishwa. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele mara mamia. Ndiyo maana inakunjika, haina kioo cha kuvunjika, na mtoto anaweza kuibeba.

Watafiti wa Denmark waliipeleka Zambia kuijaribu, wakaandika habari zake mwaka 2010. Ilikuwa taa bapa. Mchana inalazwa juani ijichaji. Usiku unaunganisha pembe zake mbili, inasimama kama pia na kumulika kitabu. Tunajua maana yake. Kibatari kando ya turubai ni hatari, tena moshi wake unaumiza macho ya anayesoma.

Sasa mbona hazijajaa sokoni? Tatizo ni uhai wake. Maji, hewa na jua kali huiharibu polima, kwa hiyo lazima ifungwe vizuri pande zote. Sola ya kawaida ya silikoni, ile yenye kioo, hudumu miaka 20 na zaidi; ya polima bado haijafika huko. Kwa nguvu, maabara zimeshapita asilimia 18 ya mwanga kugeuzwa umeme, lakini kwenye vipande vidogo sana.

Jambo lingine: sola nyingi zinazopinda madukani si za polima. Ni silikoni iliyovikwa plastiki, na ukiikunja sana inapasuka ndani bila wewe kuona.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa:

1. Iweke juani, chomeka simu, uone kama inachaji kweli. Usiamini maneno tu.
2. Kagua kingo zote. Zikiwa zimeachia au kuna mapovu, maji yataingia. Iache.
3. Angalia waya unapoingia. Ukicheza, muuzaji abadilishe.

Ukishanunua, usiitoboe kupitisha kamba, usiikate, wala usiikunje kwa nguvu mahali pamoja. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye maji.

Ushauri wetu: kama sola haihami, nunua yenye kioo. Ile ya kukunja inamfaa anayehamahama nayo. Cha muhimu, mtoto asome usiku na nyumba isiungue.