Kitabu cha karata kisimtume mtu shimoni

Wandugu wachimbaji wa Iga Barrière, na ninyi mama munaobaki nyumbani mukihesabu siku, leo hatutasema juu ya bei ya gramu. Tunataka kusema juu ya vitabu. Si vya shule, si vya sala: ni vitabu vya kujifunza kusoma karata, zile zinazoitwa Lenormand.

Kwa muda sasa tunaviona kambini. Kimoja kilitoka Bunia, fotokopi ya fotokopi, kurasa zingine hazisomeki. Kingine kijana mmoja aliletewa toka Kampala. Pamoja nacho kuna paketi ya karata 36 zenye picha: nyumba, mlima, panya, ufunguo, samaki. Watu wanakuja kutuuliza sisi wa sendika: "Yaya, ninyi mulisoma. Kitabu gani njo kizuri?"

Mwanzoni tulicheka. Tuliacha kucheka siku tulipofungua daftari ya madeni ya ekipe moja. Kati ya mazutu ya pompe na mchele, PDG wa shimo alikuwa ameandika: "Karata, gramu 1." Gramu ile ilikatwa kwanza, ndipo watu wakagawana kilichobaki. Wachimbaji hawakuulizwa.

Ndiyo maana tulitafuta vitabu hivyo, tukavisoma. Hatumkatazi mtu kutandika karata kwake. Lakini anayetaka kujifunza ajue ananunua nini.

Karata zimetoka wapi

Marie-Anne Lenormand alikuwa Mfaransa. Alizaliwa Alençon mwaka 1772, akafa Paris mwaka 1843. Alijulikana sana kwa kutabiria watu wakati wa Napoleon, na alishafungwa jela pia. Lakini karata 36 zenye jina lake si yeye aliyezitengeneza. Zilitoka Ujerumani, mji wa Nuremberg, karibu na mwaka 1799, katika mchezo wa bwana mmoja jina lake Johann Kaspar Hechtel. Uliitwa Mchezo wa Tumaini. Karata zilipangwa sita kwa sita, watu wakatupa dadu na kusogea. Ukifika namba 35, ile ya Nanga, umeshinda pesa za mezani. Ukipita ukaingia namba 36, Msalaba, pesa zimekupita. Maelezo ya mchezo yalisema pia kwamba unaweza kutabiri nazo kwa kujifurahisha. Nakala yake iko hata leo British Museum, kule London.

Mama Lenormand alipokufa, wauzaji wakaweka jina lake juu ya paketi, juu jina kubwa linauza. Sisi wa dhahabu tunaijua biashara ya namna hiyo.

Namna ya kuchagua

Kabla ya kubeba mchanga wote, tunaosha kidogo kwenye karai. Kitabu nacho kipimwe hivyo kabla ya kulipa.

Kwanza, soma ukurasa wa mwanzo. Kikisema Mademoiselle Lenormand alichora karata hizi kwa mkono wake na siri yake iko ndani, kirudishe. Mwandishi asiyejua karata zilitoka wapi, atakufundisha nini?

Pili, hesabu. Lenormand ndogo ina karata 36. Kuna nyingine inaitwa Grand Jeu, ina karata 54. Tarot ina 78. Mwenzetu mmoja alinunua kitabu cha tarot na paketi ya Lenormand, akahangaika wiki nzima akitafuta Panya ndani ya kitabu ambamo hawamo.

Tatu, angalia kama maana ni fupi na wazi. Barua ni barua, Meli ni safari, Samaki ni pesa. Kitabu kizuri kinasema pia kwamba walimu hawapatani. Wengine wanasema Nanga ndiyo kazi, wengine wanasema kazi ni Mbweha. Basi shika kitabu kimoja mpaka umekimaliza. Ukichanganya vitatu, utachagua kila siku maana inayokupendeza.

Nne, tafuta mifano ya karata zinazokaa pamoja. Lenormand haisomwi karata moja moja. Inasomwa kama maneno katika sentensi. Mpanda farasi na Barua: habari inakuja kwa maandishi. Meli na Samaki: biashara ya mbali. Kitabu chenye orodha ya picha 36 tu, bila mifano, hakitakufikisha mbali. Anza na karata mbili, halafu tatu. Ile meza kubwa ya karata zote 36 iache mpaka mwisho.

Tano, na hii ndiyo kubwa: kitabu kikikuahidi dhahabu, kiache pale pale. Dhahabu ya Kilo ilipoonekana mwaka 1903, ilionekana kwenye mchanga wa mto, na watu walioosha.

Tuliandika kwenye daftari

Vitabu vizuri vyote vinamwambia mwanafunzi awe na daftari. Asubuhi unatoa karata mbili, unaandika maana yake. Jioni unaandika yaliyotokea. Kijana wetu mmoja alifanya hivyo siku 20, kisha tukasoma pamoja naye, na mke wake akiwa hapo.

Samaki walitoka mara nne. Mara moja alipata dhahabu kidogo. Mara ya pili alilipwa deni la zamani, akaandika "kweli". Mara ya tatu alipewa bia, akaandika "kweli". Mara ya nne hakupata kitu, akaandika "itakuja kesho". Mke wake akacheka: "Kwa hiyo karata haiwezi kukosa?" Kijana naye akacheka. Kumbe karata haikukosa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaisogeza. Tangu siku ile anaandika asubuhi kila kitu wazi: pesa ngapi, kutoka wapi, lini. Anasema sasa zinakosa mara nyingi, lakini zinamsaidia kukaa na kufikiri siku yake. Hapo hatuna neno. Huo ni mchezo wake, saa yake, paketi yake.

Pale karata inapogusa mwili wa mtu

Shida inaanza pale mmoja anatoa karata na mwingine anashuka.

Ilikuwa baada ya mvua ya siku tatu. Ukuta wa shimo ulionyesha ufa, na miti ya kuushikilia ilikuwa imeoza. Wawili wa ekipe wakasema: "Ukuta iko napasuka, hatushuki." PDG akajibu: "Asubuhi karata imetoa Ufunguo. Njia iko wazi. Mushuke." Wengine walishuka. Wale wawili walikaa juu, na jioni majina yao yakafutwa kwenye mgawo.

Shimo halikuanguka siku ile. Tunasema hivyo wazi, hatutaki kudanganya. Wenzao wakawacheka. Lakini shimo halikuanguka juu ukuta ulishikilia, si juu ya Ufunguo. Kama ungeachia, PDG angebaki juu na karata zake, na sisi tungekuwa tunatafuta mbao za masanduku. Tulikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alikubali kuwapa nusu ya fungu lao. Nusu si haki, lakini alikubali mbele ya watu wote kwamba kukataa kushuka si uvivu.

Tanzania walifika mbali zaidi. Kule waganga waliwadanganya watu, wachimbaji na wavuvi kati yao, kwamba viungo vya wenye ualbino vinaleta utajiri. Watu waliuawa, watoto walikatwa mikono. Januari 2015 serikali yao ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Hatusemi mwenye karata 36 ni muuaji. Tunasema anayekubali leo kwamba alama inajua mahali pa dhahabu, kesho ataambiwa alama inadai kitu. Leo gramu moja. Kesho nini?

Kwa hiyo tunaomba ekipe zote zikubaliane mambo matatu. Gharama ya karata ilipwe na aliyezitaka, isiandikwe kwenye madeni ya wote. Kabla ya kushuka tutazame ukuta, miti, kamba, maji na hewa, na mchimbaji wa zamani kuliko wote aseme ndiyo au hapana. Na anayekataa kushuka kwa sababu ya ukuta, jina lake lisifutwe.

Ninyi mama, mume akirudi na fungu dogo, mwombeni awaonyeshe daftari ya madeni. Mukiona neno "karata" ndani yake, ileteni kwetu. Tutakwenda kwa PDG pamoja.