Ngitili si pori la kugawana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wananchi wenzangu, hasa wa Shinyanga na wale wa Simiyu ambao wengi wao tulikuwa nao mkoa mmoja hadi mwaka 2012, juu ya jambo linaloninyima usingizi.

Kijijini kwetu limeletwa shauri la kukata vipande ngitili ya kijiji ili vijana wapate mashamba. Wanaolitetea wanasema lile ni pori tu, halina mwenyewe. Usemi huo ndio ulionifanya nishike kalamu, maana wengi wao walizaliwa pori limekwisha kuota.

Kwa wasomaji wasioifahamu, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna kuingiza ng'ombe humo mpaka kiangazi kikaze, ndipo hufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Desturi hii ya Wasukuma haikuletwa na mtaalamu yeyote.

Ardhi yetu haikuharibiwa na uvivu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka misitu ya Shinyanga ili kuwaondoa mbung'o, na watemi wakatoa watu kwa maelfu kwenda kufyeka. Pamba nayo ikadai mashamba, na ng'ombe wakaongezeka. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975. Ilituletea shule na zahanati, sikatai, lakini familia zilihamishwa zikaacha ngitili zao nyuma bila mlinzi. Haikuchukua muda zikawa mali ya kila mwenye shoka. Mama yangu alipikia mabua ya mtama na mavi makavu ya ng'ombe, samadi ambayo ingekwenda shambani. Watu wakauita mkoa wetu jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere aliitazama hali hiyo kwa macho yake kabla ya kung'atuka, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye wa watafiti wa kilimo mseto.

Hapa nataka nikae kidogo. Kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa milimani kwa amri. Kwetu haikuwa hivyo. Mwanzoni mabwana misitu walitugawia miche, nasi tukaipanda, ikakauka. (Yangu mitatu ililiwa na mbuzi wa jirani, tukanuniana mwaka mzima.) Baadaye wakatuuliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani, wakajibiwa: ngitili. Ikaonekana kuwa visiki na mizizi chini ya ardhi vilikuwa bado hai, vikihitaji kupumzishwa tu. Mipaka ilipangwa na wanakijiji wenyewe, sheria zikapitishwa katika dagashida, na sungusungu wakalinda. Aliyeingiza ng'ombe usiku alitozwa faini, awe tajiri au maskini.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, nyingine za kaya na nyingine za vijiji. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Tuzo ni jambo jema, ila mimi navutiwa zaidi na hesabu ya akina mama: watafiti waliona kuwa katika vijiji vyenye ngitili, muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa mbili hadi sita kwa siku. Nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda sijavitaja.

Mpango ulimalizika mwaka 2004. Tangu hapo ulinzi umebaki mikononi mwetu, na hapo ndipo shaka yangu ilipo. Ngitili nyingi zinashikwa kwa mdomo tu. Mzee akifa, wanawe wanagawana. Mmoja anachoma mkaa, mwingine anauza.

Sisemi vijana wanyimwe ardhi. Wanangu wawili wamo katika hao wanaoidai. Lakini hebu tupige hesabu: ngitili yetu ikigawanywa, kila kijana atapata kipande kisichomtosha kwa chakula, na Oktoba ikifika kijiji kizima hakitakuwa na pa kupeleka ndama. Hao vijana watanunua majani kwa nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inazitambua haki za kimila na kuruhusu zipewe hati. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Basi nawaomba viongozi wa kijiji chetu waliondoe shauri la kugawa, na badala yake walete mbele ya mkutano mkuu pendekezo la kuitenga ngitili kisheria, ramani yake ikiwa imebandikwa ukutani kila mtu aione. Na wataalamu wa ardhi wa wilaya, ambao tumewaandikia mara mbili, tunaomba waje kupima kabla ya mvua. Chakula na mahali pa kulala tutawapa.

Mfugaji,
Shinyanga