Unaskia Aibu Kubonga Lugha ya Mathe? Cheki Vile Mayut wa New York Waligeuza Hiyo Aibu Kuwa Nguvu

Wacha nikuulize swali moja ya ukweli. Ushawahi kuwa kwa mat, mathe akupigie simu kutoka ocha, alafu ukaanza kuongea chini chini ndio watu wasijue unabonga lugha gani? Kama ushawahi, tulia, hauko pekee yako. Kuna mayut huko New York walipitia hiyo maneno, na vile waliimaliza ni stori unafaa kujua.

Turudi nyuma mpaka miaka ya 1940 na 1950. Watu wa Puerto Rico, kile kisiwa cha Karibi, walikuwa wanahamia New York kwa maelfu wakitafuta kazi. Wengi walitua East Harlem, mtaa ambao wenyewe waliubatiza El Barrio. Kwa Kihispania hiyo inamaanisha "mtaa" tu. Wengine wakaenda South Bronx na Brooklyn.

Kitu ya kushangaza ni hii: kisheria hawa hawakuwa wageni. Marekani iliwapa uraia tangu 1917. Lakini karatasi ni kitu moja na vile watu wanakuchukulia ni kitu ingine. Mtaani, kazini na shuleni walionekana tu kama watu wa kuja. Mtoi alifika darasani akijua Kihispania pekee, na masomo yote ni kwa ngeli. Akinyamaza, anaonekana mjinga. Jioni huyo huyo "mjinga" ndiye anatafsiria mathe hospitalini na kwa ofisi za serikali.

Unataka kujua hiyo ilileta nini? Mwaka wa 1963, shule za umma za jiji la New York zilitoa karibu diploma 21,000 za masomo yanayokupeleka chuo kikuu. Zilizoenda kwa vijana wa Puerto Rico zilikuwa 331. Na hiyo si shule moja, ni jiji mzima.

Mwalimu aliyeanzia kiwandani

Hapo ndio anaingia Antonia Pantoja. Alizaliwa San Juan mwaka wa 1922, kwa familia ya msoto. Kwao alikuwa mwalimu, lakini alipofika New York mwaka wa 1944, kazi aliyopata ni ya kiwandani. Hakusare. Alirudi kusoma, akamaliza digrii Hunter College mwaka wa 1952, kisha akaongeza shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii pale Columbia.

Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wakaanzisha ASPIRA. Jina limetoka kwa neno la Kihispania la kutamani kufika juu. Vijana wake wakaitwa aspirantes.

Wakati huo, ushauri ambao vijana walikuwa wanapewa kila mahali ulikuwa ni huu: sahau kwenu ndio uomoke. Pantoja aliugeuza juu chini. Kwake, kijana asiyejua ametoka wapi ni rahisi kuambiwa yeye si kitu, na akaamini.

Hiyo kitu ilikuwa inafanya kazi aje?

ASPIRA haikujenga ukumbi mkubwa ikangoja watu waje. Iliingia ndani ya shule za upili na kuanzisha klabu. Na wenye klabu walikuwa mayut wenyewe. Walichagua viongozi wao, wakaendesha mikutano yao, wakatuma wawakilishi kwa shirikisho la klabu zote. Watu wazima walikuwa hapo kushauri na kusaidia na mambo kama fomu za chuo na pesa za masomo.

Njia yao ilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ni kujua: historia ya kisiwa, na hali ya mtaa mnaoishi. Ya pili ni kuchambua: kwa nini mambo iko hivi, na nani anaamua? Ya tatu ni kutenda. Ukibaki kwa hatua ya kwanza, umepata tamasha ya ngoma na chakula, kila mtu anaenda keja. Ukiruka moja kwa moja mpaka ya tatu, mnapiga kelele bila rada.

Walichagua pia alama zao. Sherehe ya kuwapokea wanachama wapya iliitwa Areyto, jina la mikusanyiko ya Wataíno, wenyeji wa kisiwa kabla Wahispania waje, ambapo historia ilisimuliwa kwa nyimbo na densi. Na nembo yao ni pitirre, ndege mdogo wa Puerto Rico anayejulikana kwa kufukuza mwewe. Ujumbe hauhitaji mtafsiri.

Kutoka klabu hadi kortini

Mwaka wa 1972, ASPIRA ilishtaki bodi ya elimu ya New York. Hoja yao ilikuwa simple: kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha si kumsomesha. Agosti 1974 pande mbili zikakubaliana mbele ya korti. Watoto wa Kihispania waliokuwa hawajashika Kiingereza wangefunzwa masomo kwa Kihispania huku wakisomeshwa Kiingereza kwa nguvu. Ile lugha ya kuonewa haya ikawa haki.

Tusidanganyane pia. Klabu haikulipia mtu rent. Miaka hiyo ya 1970, South Bronx ilikuwa inaungua, majumba yanaachwa matupu. Lakini kutoka kwa hizo klabu walitoka watu kama Fernando Ferrer, aliyekuja kuongoza Bronx kuanzia 1987 hadi 2001. ASPIRA yenyewe ikasambaa hadi miji kama Chicago na Philadelphia. Pantoja akapewa nishani ya juu kabisa ya raia Marekani, Presidential Medal of Freedom, mwaka wa 1996.

Na wewe je?

Kama mko na mbogi yenu mtaani, iwe ya mpira, densi ama kusafisha mtaa, jiulizeni maswali matatu. Tunajua tumetoka wapi? Tunajua kwa nini mtaa wetu uko hivi? Na nani anaamua mambo ya hii mbogi, ni sisi ama ni mfadhili?

Sisi wa Kanairo tunafaa kuelewa hii haraka. Sheng yenyewe ilikuzwa Eastlands na watoto ambao wazazi wao walitoka pande tofauti, kila mtu na lugha yake. Kuchanganya hakukuwafanya wapotee.

Kwa hivyo mathe akipiga simu leo kwa mat, shika. Na umjibu kwa sauti.