Mipaka ya Maeneobunge: Tukiitwa Kutoa Maoni, Tuseme Nini?

Ibara ya 89 ya Katiba ya Kenya inaiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kupitia upya mipaka ya maeneobunge kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kushauriana na wote wanaohusika. Mapitio ya mwisho yalifanyika mwaka 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 bila mapitio mapya. Zamu yetu ya kusema inakuja.

Kwanza tuielewe hesabu. Maeneobunge ni 290, na Tume haina uwezo wa kuongeza hata moja. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296, yaani wastani wa watu 164,015 kwa kila eneobunge. Wanaohesabiwa ni wakazi wote, hata watoto, si wapigakura peke yao. Idadi inaweza kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 30. Kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, asilimia 40.

Kwa kipimo hicho, sehemu yenye watu wachache inahitaji angalau wakazi 98,400 hivi. Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258. Mwaka 2012 ilisalia kwa sababu Katiba ilikataza mapitio ya kwanza kufuta eneobunge lolote. Kinga hiyo imekwisha. Ikiunganishwa na Lamu Magharibi yenye watu 121,662, je, mvuvi wa Faza atasikika? Lakini pia, ni haki kura ya mkazi wa eneo lenye msongamano iwe nyepesi kuliko ya mwenzake?

Hesabu peke yake haijibu. Katiba inataja pia sura ya nchi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Mambo haya wenyeji ndio wanaoyajua, na ndiyo maana ya kanuni ya auni tunayofundishwa na Kanisa: wa chini wasinyang'anywe wanaloliweza.

Basi tusiende kikaoni kusoma karatasi tuliyoandikiwa na mwanasiasa, wala kuhesabu makabila. Tueleze safari ya mashua ni ya saa ngapi, mto upi hukata njia wakati wa mvua, tunauza mazao soko gani. Tuyaandike na kuyatia sahihi. Kamati ya Haki na Amani ya parokia inaweza kusaidia.

Uamuzi usipozingatia haya, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Aliyenyamaza kikaoni atakuwa na kazi ngumu zaidi huko.