Ubao Unaopaa: Foili ya Mawimbini kwa Anayeanza

Wanaoteleza mawimbini huku kusini-magharibi mwa Uingereza wana kilio kimoja kila kiangazi: mawimbi hayana nguvu. Siku nyingi bahari ya Saunton Sands, kaskazini mwa Devon, huleta viwimbi vya kufika magotini, na ubao wa kawaida hufa njiani kabla hujapata raha yoyote. Siku kama hizo ndizo siku za foili, na ndiyo maana baadhi yetu chamani tumeizoea. Wengine wameanza kuuliza: nianzie wapi, ninunue nini, na je, si hatari? Tunajibu hapa kwa jinsi tunavyoijua kazi yenyewe.

Chini ya ubao wa foili hufungwa mlingoti. Mwisho wa mlingoti kuna uti mfupi wenye bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Maji yakipita kwenye bawa humwinua mtu kama hewa inavyoinua ndege, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa kwa takribani mara 800, bawa dogo na mwendo wa wastani vinatosha. Ubao ukishapaa hauburuzi maji tena, hivyo kiwimbi kidogo kinakufikisha mbali.

Mchezo huu ulianzia kwenye mawimbi makubwa. Mwaka 2003, filamu ya Step Into Liquid ilimwonyesha Laird Hamilton wa Hawaii akipaa juu ya foili. Takribani mwaka 2016 Mhawaii mwingine, Kai Lenny, aliwaonyesha watu kwa video zake kwamba hata wimbi dogo linafaa. Sisi tunazungumzia foili ya kifudifudi: unalala juu ya ubao, unapiga makasia kwa mikono, kisha unasimama mwenyewe bila boti wala tanga. Ni aina ngumu kuanza nayo, kwa sababu mambo yote hutokea ndani ya sekunde mbili tatu.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo fedha za mwanafunzi hupotea. Seti mpya kamili huku huzidi pauni 1,000 kwa urahisi, na anayeanza huvutiwa na mabawa membamba na marefu anayoyaona kwa mabingwa. Mabawa hayo huenda mbali kwa nguvu kidogo, lakini hutaka mwendo mkubwa ndipo yapae, na hayasamehe kosa. Kwa mtu wa kilo 70 tunashauri bawa la mbele lenye eneo la sentimita za mraba 1,300 hadi 1,600, nene na pana kiasi. Hupaa mapema, huenda polepole, na hukupa nafasi ya kufikiri.

Ubao uwe wa futi 4 na nusu hadi 5, wenye ujazo wa lita 35 hadi 45 kwa uzito huo huo. Ukiwa mdogo zaidi utachoka kupiga makasia. Ukiwa mkubwa mno, omo litagonga maji kila unapojaribu kukata kona. Mlingoti wa sentimita 60 hadi 75 unatosha. Wa alumini ni mzito kuliko wa kaboni, lakini bei yake ni nafuu na kwa kuanzia haukupunguzii kitu. Ila usiuache umefungwa wiki nzima na chumvi yake: fungua skrubu, suuza kwa maji baridi, paka grisi. Foili nyingi za mitumba tulizokagua zilikuwa zimeharibika hapo hapo, kwenye skrubu zilizoganda.

Ufundi wenyewe una hatua zake. Anza nyuma ya boti kama ukipata nafasi, ili ujifunze kupaa bila kuhangaika na wimbi. Ukifika mawimbini, chagua wimbi la magotini hadi kiunoni lenye mteremko mpole. Likimbilie mapema, simama haraka, magoti yakiwa yamekunjwa. Mguu wa nyuma uwe juu ya mlingoti, wa mbele uwe mbele yake kwa upana wa mabega.

Kisha, na hili ndilo gumu kwa aliyezoea ubao wa kawaida, egemea mguu wa mbele. Kwenye ubao wa kawaida mguu wa nyuma ndio usukani. Hapa ukiukandamiza, omo hunyanyuka ghafla, bawa hutoka majini, hewa huliingia na unaanguka kama gunia. Safari zako za kwanza kumi zishike maji tu, usipae. Baadaye legeza mguu wa mbele kidogo, ubao uinuke kiganja kimoja, urudishe chini. Macho yatazame ufukweni, kamwe yasitazame miguu.

Kama omo hunyanyuka kila mara hata ukiegemea mbele, usijilaumu kwanza. Sogeza mlingoti nyuma kwenye reli yake kwa sentimita moja, ujaribu tena. Kama ubao hukataa kupaa, usogeze mbele. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kona na kupampu kwa miguu ili kurudia wimbi la pili vije mwisho, ukishaweza kushika kimo kimoja kwa safari nzima.

Sasa kwa habari ya hatari. Bawa ni chuma au kaboni yenye makali, na lina uwezo wa kumpasua mtu. Vaa kofia ngumu na fulana ya kinga. Ukianguka, jitupe pembeni mbali na ubao, anguka kwa ubapa, ukinge kichwa kwa mikono kabla ya kuibuka. Unapoingia baharini, usiache ubao ukae kati yako na wimbi linalokuja.

Kubwa zaidi ni watu wengine. Kati ya bendera nyekundu-na-manjano ni mahali pa waogeleaji. Kwenye bendera za miraba myeusi na myeupe wapo wenye mbao za kawaida. Pote pawili si petu. Saunton ni ndefu, tembea mpaka upate upweke, na waulize waokoaji wa RNLI kabla ya kuingia. Mtoto akikatwa na bawa lako, samahani haitamshona.

Tusisahau bamvu. Wakati wa bamvu maji ya huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 6, ilhali Zanzibar hayafiki 5. Ufuo ni tambarare, hivyo panapokufikia kifuani sasa patakuwa mchanga mkavu baada ya saa mbili. Mlingoti ukigonga chini, wewe utaendelea na safari peke yako. Soma jedwali la maji, na shuka ubaoni kabla hujafika kina cha kiuno. Mwezi Machi maji huwa karibu nyuzi 10, basi vazi la mpira la milimita 5 si anasa.

Jambo la mwisho tunalisema kwa upendo: kuzaliwa pwani si kujua kuogelea. Wapo wenzetu wa Tanga na Mombasa waliojifunza kuogelea hapa, kwenye bwawa la chuo, na hawana sababu ya kuona haya. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Kwa akiba ya chama tumekubaliana kununua seti moja ya mitumba: ubao wa lita 40, bawa nene, mlingoti wa alumini wa sentimita 70. Kila mwanachama anaweza kuiazima, kwa masharti matatu: awe ameogelea mita 200 mbele yetu, asiende peke yake, na airudishe ikiwa imesuuzwa.