Mfuko wa ujenzi si wa safari: mtihani wa mhasibu wa kanisa

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa mavuno ukifika, mkulima hubeba debe lake la mahindi hadi kanisani. Baada ya ibada mahindi hunadiwa, na fedha huingia katika mfuko wa ujenzi.

Mtihani huanza Jumatatu ofisini. Kiongozi anamwita mhasibu: “Mwanangu, toa laki tatu kwenye mfuko wa ujenzi tulipie safari. Tutazirudisha.” Anayesema ndiye aliyemfungisha ndoa, na ndiye mwajiri wake. Akikataa, ataambiwa hana imani. Akikubali, itambidi aandike “saruji” mahali pa “nauli”.

Wengi hujitetea kwamba hawakuiba hata senti. Utetezi huo haukuwaokoa viongozi sita wa Kanisa la City Harvest nchini Singapore. Oktoba 2015 mahakama iliwatia hatiani kwa kutumia fedha za mfuko wa ujenzi kugharamia muziki wa mke wa mchungaji, Kong Hee, kupitia hati za mkopo za uongo, na baadhi yao kwa kughushi hesabu ili kuficha. Ilikubalika kwamba hawakujinufaisha binafsi. Hata hivyo walifungwa, wakiwamo wanawake wawili waliowahi kuwa mameneja wa fedha wa kanisa hilo. Mwaka 2017 rufaa iliwapunguzia adhabu, lakini haikuwafutia hatia.

Hapa nchini, wahasibu husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Maadili ya taaluma hiyo yanamkataza mhasibu kujihusisha na taarifa anayojua ni ya uongo, hata kama ameagizwa na mkubwa wake.

Msikitini hali ni hiyo hiyo: zaka ina makundi yake manane ya kupewa, na haihamishwi kiholela.

Mhasibu afanye nini? Kwanza, aombe agizo kwa maandishi. Maagizo mengi mabaya huishia hapo. Pili, alipeleke kwenye kamati ya fedha. Tatu, kama dharura ni ya kweli, waumini waliotoa waulizwe. Fedha ikihamishwa, iandikwe kwa jina lake halisi.

Nawe mkulima una sehemu yako. Dai stakabadhi, na siku ya kusomewa hesabu usiwahi kuondoka. Ukiuliza mbele ya wote, unampa mhasibu mwaminifu nguvu ya kusema hapana.