Kahawa Inapokimbilia Mlimani

Kahawa ya arabika ambayo Wagisu huilima juu ya mji wa Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, hupenda ubaridi. Joto likizidi, buni huiva haraka kabla hazijajaa, na kutu ya majani hupanda hadi mashamba ambayo zamani haikuyafikia. Mkulima naye hupanda, akitafuta hewa baridi. Huko juu ndiko uliko msitu, na miti hukatwa kupisha kahawa.

Mti ukikatwa, mizizi yake huendelea kuushika udongo kwa muda, kisha huoza taratibu kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana shamba jipya huonekana salama mwanzoni. Wakati huohuo, kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua inaponyesha hunyesha kwa nguvu. Machi 1, 2010, mlima uliporomoka kijijini Nametsi, wilayani Bududa, na kuua watu wengi. Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale mjini. Kuwalaumu wakulima peke yao ni dhuluma: ardhi ya Elgon iliporomoka hata zamani, na moshi uliopasha dunia joto haukutoka kwenye meko ya Bududa.

Tope la maporomoko hayo husafiri na Mto Manafwa hadi skimu ya mpunga ya Doho, Butaleja, likiziba mifereji. Mpunga nao una deni lake. Chini ya maji yaliyotuama, vijidudu visivyohitaji oksijeni hutoa methani, gesi inayonasa joto zaidi kuliko kabonidayoksaidi. Kuliacha shamba likauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine hupunguza methani hiyo.

Mvua kubwa huliinua hata ziwa: Jinja, Mei 2020, Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha mji huo, likaivunja rekodi ya miaka ya 1960 na kuyameza mashamba ya ufukweni. Yapo matumaini pia: kiwanda cha sukari cha Kakira, jirani na hapo, huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme. Ni jambo jema, ila miwa imekula ardhi ya chakula ya eneo hilo la Busoga.

Kwangu mimi, tumaini kubwa liko kwenye kahawa iliyochanganywa na migomba na miti ya kivuli. Kivuli huipoza kahawa palepale ilipo, mizizi ya miti hushika mteremko, na ndizi hulisha nyumba. Lakini mti huchukua miaka kukua, na mwenye nusu ekari hawezi kungoja bure. Wanunuzi wa kahawa hiyo walipe bei inayomwezesha kungoja.